Kuchagua ufukwe kwa likizo na watoto wadogo: anza na maji, hoteli baadaye

Picha za hoteli za pwani karibu zote hupigwa maji yakiwa yamejaa. Ufukwe uleule, saa sita baadaye, unaweza kuwa uwanda wa mchanga wa tope, mwani na mawe, na bahari imerudi nyuma nusu kilomita au zaidi. Mtu mzima atasubiri aogelee jioni. Mtoto wa miaka mitatu, mwenye saa yake ya kulala mchana na saa yake ya kulia njaa, hasubiri. Ndiyo maana familia nyingi hulipia mahali pazuri kisha watoto wakashinda kwenye bwawa la hoteli siku zote.

Mwongozo huu ni wa pwani ya Kenya na Tanzania, pamoja na Unguja, kwa watoto wa chini ya miaka saba hivi.

Jua saa za maji kabla ya kuchagua tarehe

Kwa siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baada ya hapo, ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikifika mita 3 hadi 4. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti hushuka hadi kama mita moja, na bahari haiendi mbali.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba saa za bamvua kwenye pwani yetu hazibadiliki sana mwezi hadi mwezi. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, siku za bamvua maji hukauka karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: yamejaa karibu saa nne asubuhi, yamepwa karibu saa kumi jioni. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana kila anachohitaji: tarehe 1 na 15 ndizo za bamvua, tarehe 8 na 22 ndizo za maji mafu. Dakika kamili zimo kwenye jedwali la maji linalotolewa na mamlaka za bandari, na kwenye programu za simu.

Sasa linganisha na ratiba ya mtoto. Jua kali ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, hivyo mtoto mdogo ana vipindi viwili vya kuwa ufukweni: saa moja hadi saa nne asubuhi, na saa kumi hadi kuchwa. Wiki ya maji mafu humpa maji asubuhi, na bahari haikimbii mbali. Wiki ya bamvua humpa vidimbwi vya kuchezea asubuhi, na jioni maji mengi, pengine mengi kupita kiasi: sehemu za Nyali, Bamburi na Jambiani, bamvua likijaa, mchanga wote humezwa na mawimbi hupiga kuta za hoteli. Mtoto aliyeahidiwa kujenga nyumba ya mchanga jioni hatakuwa na mchanga.

Ukiwa huru kuchagua, panga likizo ya siku tano ianze siku mbili kabla ya maji mafu.

Umbo la ufukwe

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ufukwe wenye mwamba wa matumbawe mbele yake, mawimbi yakivunjikia huko nje, na ndani kukabaki maji tulivu ya kina kifupi. Hivyo ndivyo ilivyo Diani, Bamburi, Matemwe, Bwejuu, Paje na Jambiani. Ya pili ni ufukwe usiokauka, kama Kendwa na sehemu za Nungwi, ambako unaogelea saa zote lakini kina huja haraka. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi minne, aina ya kwanza ni bora mradi usimpeleke saa ya maji makavu kabisa. Muda wake mzuri ni tangu maji yanapokuwa nusu yakipanda: yamefunika mawe, yamepata joto kwa kupita juu ya mchanga, na yanamfika magotini. Kwa mwenye miaka mitano na kuendelea anayejifunza kuogelea, aina ya pili inafaa zaidi, mtu mzima akiwa ndani ya maji pamoja naye.

Ufukwe wa mwamba una mitego mitatu. Wa kwanza ni mlango, yaani pengo katika mwamba ambamo boti hupita. Maji yanapokupwa, yote yaliyokuwa ndani hutafuta njia ya kutokea hapo, na mkondo wake humshinda hata mtu mzima. Ukiona sehemu ambayo mawimbi hayavunjiki wakati kulia na kushoto yanavunjika, mlango ndio huo. Kaa mbali nao. Midomo ya mito na hori ina tabia hiyohiyo. Mdomo wa mto Mwachema, karibu na Msikiti wa Kongo kaskazini mwa Diani, hupendwa sana na watoto kwa maji yake ya kina kifupi, na ni salama maji yakipanda. Yakianza kutoka, watoe watoto.

Mtego wa pili ni matembezi ya kwenda mwambani maji yakikauka. Mchanga wa mbali mara nyingi uko juu kuliko ule wa katikati, hivyo maji yakirudi hujaza kwanza bonde lililo nyuma yenu. Geukeni mara tu maji yanapoanza kupanda, msisubiri yawaguse miguu. Na kama mnaye mtoto wa kubebwa, msiende kabisa.

Wa tatu ni vitu vya chini: nungunungu wa baharini, yule mnyama mweusi anayekaa kwenye mawe mwenye miiba mirefu, matumbawe yenye makali, na, huko Paje, Jambiani na Bwejuu, vigingi na kamba za mashamba ya mwani ya akina mama. Vigingi hivyo havionekani maji yakiwa ya magoti. Viatu vya mpira vyenye soli ngumu vinavyobana kisigino ni lazima. Malapa hubaki mchangani hatua ya tatu. Mtoto akichomwa na miiba, usiichimbue kwa sindano, kwani hukatika na kubaki ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, uyapime kwanza kwa kiwiko chako, kwa nusu saa au zaidi, kisha toa kwa kibanio miiba inayochomoza tu. Mwiba ukiwa karibu na kiungo, au mguu ukivimba, nenda hospitali. Wafundishe pia wasiokote kombe lenye umbo la koni: anayeishi ndani yake ana sumu.

Upepo huamua upande

Kusi, upepo wa kutoka kusini, hutawala kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na kaskazi, wa kutoka kaskazini, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Likizo ya Juni hadi Agosti ni ya kusi: pwani ya mashariki ya Unguja hupigwa na upepo, mchanga hurukia macho, na Paje vishada vya kuvutia wateleza mawimbi hujaa angani. Kamba za vishada hivyo zikikazwa hukata ngozi, kwa hiyo Paje ya Julai si mahali pa mtoto anayekimbiakimbia. Tafuta sehemu ambako havirushwi, au nenda Kendwa, inayotazama magharibi.

Lakini utulivu wa Kendwa wakati wa kusi una udanganyifu wake: upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Boya la kujaza pumzi, tairi, au bata wa plastiki aliyekaliwa na mtoto husukumwa nje polepole, juu ya maji yasiyo na wimbi, na mzazi hagundui mpaka umbali umekuwa mkubwa. Maboya hayo ni ya bwawani. Baharini tumia jaketi la kuokolea lenye kipimo cha uzito wa mtoto na mkanda unaopita katikati ya miguu. Bila mkanda huo, jaketi hubaki juu na mtoto huteleza chini.

Desemba hadi Machi ni joto na bahari hutulia zaidi, ila kaskazi husukuma tope la mto Sabaki kuelekea Malindi na maji huwa ya kahawia. Watamu, kusini kidogo, huwa safi zaidi. Machi hadi Mei ni masika: bei hushuka, na kuna sababu.

Maeneo, kwa ufupi na kwa upendeleo wetu

Watamu ndiyo chaguo la kwanza kwa watoto wa miaka miwili hadi sita upande wa Kenya. Ghuba zake zina visiwa vidogo vya mawe vinavyokata mawimbi, na maji yakipwa hubaki vidimbwi vya kina cha kiwiko vyenye samaki wadogo ndani. Kaa mbali na mdomo wa hori ya Mida, mkondo wake una nguvu.

Diani ina mchanga laini kuliko pote na nyumba nyingi za kupanga zenye jiko, jambo kubwa kwa anayepika uji mara tatu kwa siku. Kasoro zake ni tumbili na kima wanaoingia dirishani kufuata ndizi, ngamia wanaopita ufukweni, na hoteli zilizojengwa juu ya mwamba wenye ngazi nyingi. Uliza idadi ya ngazi. Kutoka kituo cha SGR cha Miritini, barabara ya Dongo Kundu hukuepusha na foleni ya kivuko cha Likoni.

Bamburi na Nyali zinafaa kwa mwenye siku mbili tu. Ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta epuka Krismasi, Pasaka na Idi: watoto hupotea katika umati. Ukilazimika kwenda, mvishe mtoto fulana ya rangi kali na uandike namba yako ya simu mkononi mwake kwa kalamu isiyofutika.

Unguja, kwa wenye watoto wa chini ya miaka minne, tunapendelea Matemwe au Jambiani kuliko Nungwi. Nungwi ina boti nyingi zinazoingia hadi kwenye waogeleaji, na muziki wa usiku. Boti ya abiria kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na wakati wa kusi hutapisha watu. Keti chini, nyuma, na mpe mtoto chakula kikavu kidogo saa moja kabla.

Dar es Salaam yenyewe: Coco ni ya kula mihogo na kupunga upepo, si ya kuogesha mtoto, kwa mawe na mawimbi yake. Kunduchi na Mbezi zina hoteli zenye mabwawa ya watoto. Kigamboni ya upande wa bahari wazi ina mchanga mzuri na mawimbi yenye nguvu. Mtoto achezee mchangani. Kisiwa cha Mbudya ni safari ya nusu siku, nacho hakina maji ya bomba, kwa hiyo beba lita mbili kwa kila mtu. Bagamoyo bahari yake ni ya tope la mto Ruvu na kina chake ni kifupi mno. Nenda kwa ajili ya mji na magofu ya Kaole.

Mambo ya kuuliza hoteli kabla ya kutuma pesa

Omba picha ya ufukwe iliyopigwa leo saa nne asubuhi, na tena saa kumi jioni. Hoteli yenye ufukwe mzuri hutuma ndani ya dakika chache. Uliza kama bwawa lina uzio wenye lango linalojifunga. Bwawa lisilo na uzio mlangoni pa chumba ni hatari kubwa kuliko bahari yenyewe, kwa sababu wazazi hulegea wakishatoka ufukweni. Uliza kama chandarua kinafunika pia kitanda cha mtoto, kama jokofu huendelea umeme ukikatika, na kama maji ya bomba ni ya chumvi. Maziwa ya kopo na uji vitengenezwe kwa maji ya chupa iliyofungwa.

Kisha uliza hospitali yenye daktari usiku kucha iko umbali gani kwa gari, si kwa kilomita. Ukiwa Nungwi au Matemwe, Kivunge ndiyo ya karibu kabla ya Mnazi Mmoja mjini. Ukiwa Jambiani, ni Makunduchi. Kusini mwa Diani kuna Msambweni. Safari ikizidi dakika 45 na mtoto ana pumu au hajatimiza mwaka, chagua mahali pengine. Weka kwenye begi pakiti nne za ORS, unga wa kurudisha maji mwilini (changanya na kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti), kipimajoto, losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi ya kupaka kila baada ya saa mbili, hata kwa ngozi nyeusi, na mkeka. Mchanga mkavu wa juu, wanakolala paka na mbwa, una minyoo inayopenya ngozi. Tandika mkeka kwenye mchanga unaooshwa na maji.

Mkifika, mtu mzima mmoja atembee peke yake ndani ya maji mita 50 kila upande, maji yakiwa yamepwa, akiangalia mashimo, mawe na vigingi. Amuulize mvuvi yeyote anayetengeneza nyavu mlango uko wapi. Kisha gawaneni zamu za dakika 20: mwenye zamu hashiki simu, na mtoto wa chini ya miaka mitano hawi mbali naye zaidi ya urefu wa mkono.