Somo: Jinsi ya kuipima redio ya lugha ya nyumbani wakati wa kampeni

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, lakini ukipanda matatu ya Umoja asubuhi utasikia kampeni tayari ziko kwenye spika. Wengi wetu hapa Nairobi tunasikiliza redio za lugha za nyumbani, na tunazipenda kwa sababu zinatusemesha kama ndugu. Hapo ndipo pagumu, kwa maana ndugu akikupotosha unachelewa kugundua. Kwa hivyo anza na stesheni unayoipenda wewe. Ya jirani itafuata.

Chukua daftari la shule, kalamu, simu yenye saa ya sekunde, na ujitengee siku saba.

Hatua ya 1: Jua mwenye nyumba. Inooro, Ramogi, Mulembe, Musyi, Chamgei na Egesa zote ni za Royal Media Services ya S.K. Macharia. Kameme iko chini ya Mediamax, kampuni inayohusishwa na familia ya Kenyatta. KBC ni ya umma. Usikimbilie kuhukumu kwa umiliki tu. Stesheni za mwenye mmoja zinaweza kuvuta pande tofauti, kila moja ikifuata wasikilizaji wake, kwa sababu masikio hayo ndiyo yanayoleta matangazo ya biashara. Mara nyingi shinikizo linatoka kwetu sisi wasikilizaji: mtangazaji akimkosoa "mtu wetu", simu za matusi zinaanza kuingia.

Hatua ya 2: Chagua taarifa moja ya habari, saa ile ile kila siku. Usirukeruke.

Hatua ya 3: Pima. Chora safu nne: mgombea, sekunde, sauti ya nani, kitenzi. Hii ndiyo hatua yenyewe, ifanye kwa subira.

Nikupe mfano wa ukurasa mmoja wa daftari langu la 2022, stesheni siitaji. Mgombea wa kwanza alipata dakika tatu na ushei, na sehemu kubwa ilikuwa sauti yake mwenyewe, umati ukishangilia nyuma. Wa pili alipata sekunde 35, zote zikisomwa na mtangazaji. Wa kwanza "alieleza", "alifafanua", "aliahidi". Wa pili "alidai", "alijitetea", "alifoka". Hakuna uongo hata mmoja katika taarifa ile. Lakini aliyeisikiliza akiosha vyombo alibaki na mtu mmoja mwenye sauti na mwingine mwenye kelele. Usiku ule niliisikiliza rekodi mara tatu, na niliumia, maana stesheni ile ndiyo iliyonilea.

Andika pia kilichokosekana. Kama mkutano mkubwa ulifanyika Kamukunji na taarifa yako haikuutaja kabisa, weka sifuri. Sifuri nayo ni kipimo.

Hatua ya 4: Hesabu "sisi" na "wao". Nje ya taarifa ya habari, kwenye kipindi cha asubuhi, weka alama kila mtangazaji anaposema "watu wetu", "nyumba yetu", "wale". Methali na mafumbo yaandike neno kwa neno, kwani lugha ya mama husema jambo zito bila kulitaja. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kesi ilisitishwa tarehe 5 Aprili 2016 bila yeye kupatikana na hatia, lakini tangu wakati huo kila mhariri anajua kuwa maneno ya redioni yanaweza kufika mbali.

Hatua ya 5: Tenga kilicholipiwa. Tangazo lenye muziki wake ni rahisi kulitambua. Gumu ni lile ambalo mtangazaji analisoma kama maongezi yake mwenyewe. Likirudi siku tatu kwa maneno yale yale, liandike "huenda limelipiwa".

Hatua ya 6: Kura za maoni. Sheria ya 2012 inataka msikilizaji aambiwe nani alilipia, waliulizwa watu wangapi, na kosa linaloweza kuwepo ni kiasi gani. Pia inakataza kuzitangaza siku tano kabla ya uchaguzi. Ukisikia asilimia bila maelezo hayo, zipige mstari.

Ukimaliza wiki, rudia na stesheni ya lugha nyingine. Huielewi? Mwombe jirani wa ploti akae nawe. Sisi tulifanya hivyo, na chai iliyonywewa ilikuwa nyingi.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kayole: Mwalimu, mama yangu anaelewa redio moja tu. Nimwambie aache?*

La, dada. Usimnyang'anye mama sauti yake ya pekee. Kaa naye jioni moja, mwonyeshe daftari, kisha muulize yule mgombea mwingine alisema nini. Mwache ajibu mwenyewe.

*Kutoka Kariobangi: Dakika sawa ndiyo haki? Rais akizindua barabara si habari?*

Ni habari, ndugu. Iandike kwenye safu ya kazi ya serikali. Akianza kuomba kura pale pale barabarani, sekunde hizo zihamishie kampeni. Kwa KBC kuwa mkali zaidi: Ibara ya 34 ya Katiba inavitaka vyombo vya serikali visiegemee upande na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana.

*Kutoka Githurai: Mbona 2022 kila runinga ilikuwa na mshindi wake?*

Tume ya uchaguzi iliweka fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kwenye tovuti, kila chombo kikajumlisha kwa mpangilio wake. Aliyeanza na ngome ya huyu alimwona huyu akiongoza. Tofauti zile peke yake hazikuthibitisha hila, lakini watazamaji walistahili kuambiwa fomu zipi zilikuwa zimehesabiwa.

*Mwanachama, ripota wa stesheni ndogo: Bosi anasema mgombea fulani asisikike. Nina watoto, Mwalimu.*

Nakuelewa, na sitakuambia ujitoe mhanga. Rekodi pande zote mbili hata kama moja haitapeperushwa. Omba agizo hilo kwa ujumbe wa simu, kwa upole, kana kwamba unataka tu kuwa na hakika. Andika tarehe na saa. Baraza la Vyombo vya Habari lina tume ya kusikiliza malalamiko, na huko wataanza kwa kukuuliza ushahidi. Rekodi zako usiziache kwenye kompyuta ya ofisi.