Somo: Sehemu za kutazama na za kuruka katika Star Trek: The Next Generation, na namna ya kuzihesabu usije ukaumia

Mwezi huu pekee watu wanne wameniuliza neno moja: "Nimepata ile Star Trek ya Picard, misimu saba, ni mingi, niruke zipi?" Mmoja nilimjibu kwenye basi la kwenda Ruashi, mwingine mlangoni baada ya misa, wawili kwa ujumbe wa sauti. Sasa naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtuma hapa.

Ni tamthilia ya televisheni ya chombo cha anga, Enterprise, na kapteni wake Picard. Ilirushwa Marekani kuanzia 1987 hadi 1994. Sehemu ni 178, kila moja kama dakika 45, maana yake ni zaidi ya saa 130. Kwa sisi wa Lubumbashi tunaopangiwa delestaji (kukatiwa umeme kwa zamu), hiyo ni miezi mingi ya jioni. Kwa hiyo kuruka ni haki yako. Mimi mwenyewe nimeruka nyingi, na wadogo zangu ninaotazama nao nimewarusha nyingi zaidi.

Ninachokataa ni kuruka kwa kufuata nyota. Watu wanatafuta orodha ya "sehemu 20 bora", wanatazama hizo, kisha wanasema hadithi haina moyo. Itakuwaje na moyo? Umemkuta mtu analia msibani na hukuwahi kumjua marehemu. Kabla ya kuruka sehemu, uliza kama kuna nyingine huko mbele inayoidai. Kama ipo, itazame hata ikiwa dhaifu. Kama haipo na yenyewe haikufurahishi, iache bila huruma.

Hatua ya 1. Weka mafaili yote kwenye diski moja, kila msimu na folda yake.

Hatua ya 2. Fungua faili moja ya katikati usikilize kama Kifaransa kimo. Usingoje hadi familia imeketi.

Hatua ya 3. Hesabu mafaili ya msimu wa 1. Hapa soma polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Sehemu ya kwanza kabisa, "Encounter at Farpoint", ilirushwa siku moja ikiwa ndefu, kama saa moja na nusu. Baadaye ikakatwa vipande viwili. Orodha nyingi zinaihesabu kuwa ya 1 na ya 2, na msimu unafika 26. Lakini kuna diski zenye faili moja refu lililoandikwa 1, kisha zinaendelea na 2, na msimu unaishia 25. Diski niliyoazimwa ilikuwa ya namna hiyo. Orodha yangu ilikuwa ya namna ile nyingine. Sikulinganisha.

Orodha ilisema: ruka ya 4, "Code of Honor". Nilitaka kuiruka kwa sababu. Kwenye sayari ya Ligon II watu wote ni weusi, wamevikwa nguo za "kabila", na mfalme wao anamteka mwanamke mweupe, Tasha Yar, mkuu wa usalama wa chombo. Jonathan Frakes, anayeigiza Riker, msaidizi wa kapteni, ameilaumu hadharani. Basi nikaruka faili la 4, kumbe "Code of Honor" ilikuwa faili la 3. Niliwaketisha wadogo zangu wawili na mjomba wangu, mzee aliyefanya kazi reli maisha yake yote, nikawaonyesha kile hasa nilichotaka kuwaepusha nacho. Mjomba alitazama nusu, akainuka, akasema anakwenda kulala. Saa moja usiku! Hakurudi kutazama nasi kwa wiki tatu, na nilimwelewa.

Haikuishia hapo. Orodha ilisema: tazama ya 23, "Skin of Evil". Nikafungua faili la 23, nikapata hadithi nyingine ya mapenzi ya zamani ya kapteni. Tasha Yar anakufa kwenye "Skin of Evil", na sisi tuliipita. Kwetu alitoweka tu. Wadogo zangu waliuliza yuko wapi, nikasema labda amehamishwa. Halafu tulipofika msimu wa 3, sehemu ya 15, "Yesterday's Enterprise", ambayo kwangu ni kati ya sehemu kubwa kuliko zote, historia inageuka na Tasha anaonekana yuko hai kazini. Guinan, mhudumu wa baa ya chombo, peke yake anahisi kwamba mwanamke huyu hapaswi kuwa pale. Hapo ndipo moyo ungeshtuka. Mdogo wangu akasema: "Aa, amerudi kutoka kule alikohamishwa." Nilisimamisha picha, nikazima.

Basi fanyeni hivi:

Angalia urefu wa faili la kwanza. Likiwa la dakika 90 hivi, diski yako inahesabu moja. Kwa kila namba ninayoitaja kwenye msimu wa 1, toa moja upate faili lako: ya 4 iko kwenye faili la 3, ya 23 kwenye la 22. Likiwa la dakika 45, namba ni zilezile.

Kisha badilisha majina ya mafaili mara hiyohiyo, uandike namba sahihi. Usiseme "nitakumbuka". Hutakumbuka.

Tena usiamini namba peke yake. Kila sehemu huonyesha jina lake mwanzoni, baada ya wimbo. Lisome. Ukiwa na Kifaransa, jina linaweza kuwa tofauti na nililoandika, kwa hiyo linganisha pia kisa.

Misimu ya 2 hadi 6 haina shida hii. Inarudi mwisho wa msimu wa 7, kwa sababu "All Good Things..." nayo ilirushwa ikiwa ndefu: ni ya 25 na ya 26, au ya 25 tu.

Hatua ya 4. Msimu wa 1: tazama 1 na 2, 3, 13, 19, 20, 23, 25, 26. Nyingine ruka, ukipenda ongeza ya 15. Ya 1 na ya 2 ni nzito kidogo, lakini sehemu ya mwisho kabisa ya miaka saba inarudi palepale, kwenye kesi ileile ya wanadamu kushitakiwa. Ya 3 ni ya kitoto, ila kinachotokea kati ya Data, roboti mwenye umbo la mtu, na Tasha kitatajwa mahakamani msimu wa 2. Ya 13 inamleta Lore, ndugu yake Data, naye atasumbua hadi msimu wa 7. Ya 19 inaandaa ya 25. Ya 20 inafungua mlango wa Worf, afisa wa chombo, na watu wa kabila lake wa sayari nyingine, Waklingon.

Hatua ya 5. Msimu wa 2: 3, 8, 9, 16, 20. Ya 9, "The Measure of a Man", ni ile mahakama: je, Data ni mtu au ni mali ya jeshi? Ya 16 inawaleta Borg, maadui walio nusu mtu nusu mashine. Ya 20 inamleta K'Ehleyr, mama wa mtoto wa Worf. Ukiiruka, msiba wa msimu wa 4 sehemu ya 7 hautakugusa. Ya 22, "Shades of Gray", iacheni kabisa: imeshonwa kwa vipande vya sehemu zilizotangulia.

Hatua ya 6. Msimu wa 3 hadi wa 6: tazama zote kwa mpangilio, na ruhusa ya kuruka ni hii: dakika kumi zikipita na hakuna aliyeacha simu yake, songa mbele. Ila msiruke hizi (3x15 ni msimu wa 3, sehemu ya 15): 3x15, 3x17, 3x26, 4x1, 4x2, 4x7, 5x2, 5x23, 5x25, 6x10 na 6x11. Narudia 4x2, "Family". Watu wanairuka kwa kuwa haina vita. Picard ametoka kuumizwa na Borg, anarudi kijijini kwao Ufaransa kwenye mizabibu, anapigana na kaka yake matopeni, halafu analia. Bila hiyo, 3x26 na 4x1 ni risasi tu.

Hatua ya 7. Msimu wa 7: 1, 11, 12, 15, 20, 24, 25 na 26.

MASWALI (wengi nawataja kwa mtaa wao wa Lubumbashi; Kenya hapa ni mtaa, si nchi)

Wa Kamalondo: Yaya, aksanti. Sasa mi naanzia wapi?

Jibu: Hatua ya 4, mstari wa kwanza.

Wa Kenya: Umetuharibia. Juu ya nini unasema Tasha anakufa? Mi nilikuwa sijafika.

Jibu: Ilirushwa 1988. Na nisingesema, usingejua kwa nini ya 23 hairukwi, ungeiruka kama nilivyoiruka mimi. Samahani kwa machungu, lakini sifuti.

Mama wa Katuba: Dada, nimeipenda hii hesabu. Naomba kuuliza, msimu wa 2 una sehemu 22 na mingine 26 au 25. Kwenye diski yangu kumepotea nyingine?

Jibu: Hakuna kilichopotea, mama, na umeuliza vizuri. Mwaka 1988 waandishi wa Hollywood waligoma kwa miezi mitano, kuanzia Machi hadi Agosti. Msimu ulichelewa, ukafupishwa. Ndiyo maana 2x1 ilitengenezwa kutokana na andiko la miaka ya 1970 lililokuwa limewekwa kando, na 2x22 ikashonwa kwa viraka kuokoa siku na fedha. Utaona pia daktari mwingine msimu huo, Pulaski, badala ya Crusher. Crusher anarudi msimu wa 3, kwa hiyo usidhani umekosea folda.

Wa Kampemba: Orodha ndefu sana hii. Nipe kumi tu.

Jibu: Nimeeleza juu kwa nini sitoi kumi.

Wa Kampemba: Basi tano.

Jibu: Hapana.

Mwalimu wa Lubumbashi: Kuhusu "Code of Honor". Nina wanafunzi wa miaka 16. Je, si afadhali waione, tuizungumze, kuliko kuificha?

Jibu: Mwalimu, kwa darasa lako nakubali. Mimi nilitaka kuiruka kwa ajili ya watoto wa miaka 9 na 11 waliokuwa wanaanza kumpenda Geordi. Hao wakubwa waonyeshe, lakini usiwape hiyo peke yake. Waambie kwamba kwenye daraja lilelile la chombo yuko Geordi La Forge, anayeigizwa na LeVar Burton, mweusi: ni rubani asiyeona ambaye baadaye ni mhandisi mkuu, na jina la La Forge lilitolewa kwa heshima ya mpenzi wa Star Trek aliyekuwa mlemavu, George La Forge. Waambie Whoopi Goldberg aliomba mwenyewe nafasi ya Guinan, kwa kuwa utotoni alimwona Nichelle Nichols akiwa Uhura kwenye Star Trek ya kwanza, mwanamke mweusi kwenye chombo cha anga ambaye si mtumishi wa nyumbani. Kazi ileile iliyomwinua Whoopi ndiyo iliyotengeneza Ligon II. Wanafunzi wako watakuwa na mengi ya kusema.

Wa Ruashi: Kwangu sauti inatoka Kiingereza, na bibi yetu hajui hata Kifaransa. Tuache tu?

Jibu: Msiache. Kwenye kompyuta, ukitumia VLC (programu ya kutazamia video), bonyeza herufi B, sauti itabadilika ikiwa Kifaransa kimo. Herufi V hubadilisha maandishi ya chini. Kwa bibi, anzeni na 5x2, "Darmok", hata kama ni nje ya mpangilio. Haidaiwi na mtu. Picard anakutana na watu wasioweza kusema jambo moja kwa moja. Kila neno lao ni kisa cha zamani: wakishindwa wanasema "Shaka, kuta zilipoanguka." Mtafsirini maneno yenyewe tu, msimweleze maana. Mimi niliwatazama manahodha wote wa chombo wakihangaika, na bibi yangu akawa ameshaelewa. Kwake ni kawaida: mtu akisema "haraka haraka" akanyamaza, sote tumesikia "haina baraka". Aliuliza tu Shaka huyo alikuwa nani na kuta zake zilikuwa wapi. Tukimaliza akaniomba nirudie pale yule kapteni mgeni anapokufa.

Wa Ruashi: Tutafanya Jumapili. Aksanti mingi.

Wa Golf: Kwetu umeme unakatika katikati ya sehemu kila mara. Kuna dawa?

Jibu: Nakili sehemu mbili za siku kwenye simu mchana, umeme ukiwepo. Ukikatika, malizieni kwenye simu. Na sehemu zilizofungwa pamoja, kama 3x26 na 4x1, msizianze jioni msiyo na uhakika nayo.

Mwalimu wa Lubumbashi: Na baada ya misimu saba?

Jibu: Star Trek nyingine, Deep Space Nine, 1993 hadi 1999. Mkuu wa kituo ni Sisko, anaigizwa na Avery Brooks, baba mweusi anayemlea kijana wake peke yake. O'Brien, fundi wa chombo cha Picard, anahamia kule tangu mwanzo, Worf anamfuata msimu wa 4. Mjomba wangu hiyo aliitazama yote. Kuruka kule ni kugumu zaidi, nitaandika kivyake.

Wa Kamalondo: Yaya, nimeangalia. Faili la kwanza lina dakika 91.

Jibu: Sawa, hapo umefanya kazi. Diski yako ni kama ile yangu. Ya 3 utaipata kwenye faili la 2. Badilisha majina yote leo kabla hujatazama hata moja, na lile ambalo sasa ni faili la 3, "Code of Honor", lipite.