Kabla ya kuwaita wakaidi: jinsi ya kuchunguza kwa nini watu hawavuki kwenye zebra

Kikao cha mtaa kikijadili ajali za waenda kwa miguu, hukumu huwa imeshatoka: "Watu wetu wakaidi." Hukumu hiyo hairekebishi kitu. Kahesabuni kwanza.

Chagueni zebra moja na siku mbili za kazi, saa 12:30 hadi 2:30 asubuhi. Watu wawili wenye daftari na saa ya simu wanatosha. Wekeni alama mita 50 kila upande wa zebra, mkae pembeni. Trafiki akiwepo, ahirisheni, maana mbele ya sare nyeupe kila mtu ana adabu.

Andikeni waliovuka kwenye zebra, waliovuka nje yake, na nani alitangulia. Hilo la mwisho husahaulika, nalo ndilo lenye siri. Watu husimama ukingoni kwa utulivu mpaka mmoja atie mguu. Wengine humfuata bila hata kutazama kulia, na anayebaki peke yake huonekana mshamba. Anayetangulia amepima hatari, hata kama amekosea. Anayemfuata hakupima chochote, na gari linaweza kumkuta yeye. Wawekeni safu tofauti.

Kisha hesabuni madereva: mtu akiwa amesimama kwenye zebra, yanapita magari mangapi kabla ya moja kusimama? Yakipita kumi, zebra hiyo imeshawafundisha watu kwamba mistari ni rangi tu, na kulaumu mwenda kwa miguu peke yake ni kumwonea.

Pimeni na upana wa barabara. Mtu mzima hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo barabara ya mita 14 humchukua sekunde 12. Gari la kilomita 50 kwa saa huenda karibu mita 14 kila sekunde. Anayevuka anahitaji nafasi tupu ya mita 165 hivi mbele ya gari. Bibi au mama mwenye mtoto mgongoni, kwa mita 0.8 kwa sekunde, anahitaji karibu mita 245. Nafasi hiyo isipopatikana, watu huvuka nusunusu na kusimama katikati.

Mnapowahoji, msiulize "Kwa nini unavunja sheria?" Mtajibiwa uongo. Ulizeni "Unatoka wapi, unaenda wapi?" Majibu yataelekeza kwenye kituo cha daladala kilicho mbali na zebra, genge la mboga, au geti la shule. Penye daraja la juu, pimeni muda wa kupanda na kushuka. Likichukua mara moja na nusu ya njia ya chini, watakaolitumia ni wachache. Waulizeni wanawake kuhusu usiku: daraja lisilo na taa lina vibaka, na kulikwepa si ukaidi.

Marekebisho yafuate daftari. Watu wakivukia sehemu moja nje ya zebra, ombeni zebra ihamie hapo, juu ya tuta pana. Vyuma vya kuzuia bila kusogeza kituo huishia kurukwa au kukatwa. Kwa Tanzania, barabara kuu na za mkoa pelekeni ombi TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaa, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ambatanisheni hesabu zenu.

Baada ya mwezi hesabuni tena saa zilezile, lakini si wakati wa likizo: wanafunzi wasipokuwepo, takwimu hazilingani.