Mzazi pembeni ya uwanja: anza na mdomo

Mwanangu ana miaka 12, anacheza winga kwenye uwanja wa vumbi jekundu hapa Katuba, Lubumbashi. Mwaka mzima nilipiga kelele kumshinda kocha: "Piga! Rudisha!" Siku moja akaniambia, "Papa, nikisikia sauti yako miguu inakuwa mizito." Nilinyamaza mpaka nyumbani.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, anza na mdomo. Mechi ikiendelea, piga makofi tu. Maelekezo mwachie kocha. Mtoto anayesikiliza watu wawili hauoni mpira.

Pagumu zaidi ni njiani kurudi. Usichambue mechi. Mpe maji, muulize kama ana njaa, ngoja aanze mwenyewe. Akianza, sifu bidii aliyoitia ("ulirudi kukaba hadi mwisho"), si bao, maana bao haliko mikononi mwake siku zote. Wala usimwahidi pesa. Mimi nilitoa faranga 1,000 kwa kila bao. Akaacha kutoa pasi!

Viatu, chakula, kumfikisha mazoezini kwa wakati: hizo kazi zetu. Kuota kuchezea Mazembe, klabu kubwa ya hapa Lubumbashi, tumwachie yeye. Mimi bado naota, ila kimyakimya.