Ada ya bima ya mafuriko imepanda: mwenye nyumba Dodoma afanyeje

Ukipokea notisi ya kuhuisha bima na ada ni kubwa kuliko ya mwaka jana, piga hesabu kabla ya kulipa au kususa. Ada ni asilimia ya thamani uliyoikatia bima, kisha inaongezwa VAT ya asilimia 18. Tuchukue nyumba ya Sh80 milioni kwa kiwango cha mfano cha 0.2%: ada ni Sh160,000, na pamoja na VAT ni Sh188,800. Kiwango kikifika 0.3%, unalipa Sh283,200.

Sehemu ya ongezeko hutokana na bei ya bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni za bima zenyewe hujikatia, na hiyo huwezi kuigusa. Sehemu nyingine ni kiwanja chako. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 tu kwa mwaka, lakini karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo. Korongo ambalo Oktoba ni njia ya mbuzi, Januari hubeba mchanga na miti. Marekani, tangu Oktoba 1, 2021, mpango wa taifa wa bima ya mafuriko hupanga bei kwa kila nyumba: umbali wake na maji, mwinuko wake, gharama ya kuijenga upya. Mkaguzi wa huku naye akija hutazama mambo hayo hayo, basi mtangulie.

Oktoba, kabla ya mvua, chukua futi kamba. Pima kutoka ukingo wa korongo hadi ukutani, na kutoka ardhini hadi sakafu. Piga picha za msingi, mtaro na alama ya maji ya zamani kama ipo. Usiifiche, maana taarifa ya uongo inaweza kufuta bima nzima. Umbali chini ya mita 60 kutoka mtoni ni tatizo la Sheria ya Mazingira ya 2004 kabla halijawa la bima.

Kosa linaloumiza wengi ni kushusha thamani ya nyumba ili ada ipungue. Ukiikatia nyumba ya Sh80 milioni bima ya Sh50 milioni, kwa kiwango cha 0.3% unaokoa Sh106,200. Maji yakiitia nyumba hasara ya Sh16 milioni, kampuni italipa kwa uwiano: 50/80, yaani Sh10 milioni, kisha ipunguze ekses, ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Ni afadhali ukubali ekses kubwa zaidi uombe kiwango kishuke. Thamani yenyewe ni gharama ya kujenga upya kwa bei za leo za saruji, nondo na mabati. Bei ya kiwanja haimo.

Mwenye mkopo wa nyumba aulize benki imekatia kiasi gani. Huenda ni deni lililobaki tu.

Halafu soma mkataba. Tafuta neno “mafuriko”: bima ya moto peke yake haitoshi, na “maji” huweza kumaanisha bomba lililopasuka ndani. Uliza kuhusu ukuta wa uzio, shimo la maji taka na samani, kila kimoja kwa jina lake. Ukishalipa, hakiki namba ya bima kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).

Maji yakiingia, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa maandishi. Piga picha kabla ya kuzoa tope, na magodoro yaliyolowa yaanike uani, usiyatupe mpaka mkadiria hasara ayaone.