Soma Riwaya ya Mapenzi Ukiwa na Daftari la Madeni

Nauza khanga na vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mezani kwangu kuna madaftari mawili: moja la wanaonikopa, la pili la wapendanao wa vitabuni. Hilo la pili nawe litengeneze. Chora safu tatu: nani katoa, nani kapokea, nani atakuja kulipa. Safu ya tatu andika kwa penseli.

Kila kiasi cha pesa kiandike, ila usihangaike kukigeuza shilingi za leo. Kilinganishe na vingine vya kitabu hichohicho. Katika Pride and Prejudice ya Jane Austen (1813), Darcy ana pauni 10,000 kwa mwaka. Elizabeth, msichana anayempenda, mama yake akishafariki atapata pauni 1,000 zinazozaa asilimia 4. Piga hesabu: pauni 40 kwa mwaka. Ukishaiona hiyo 40, hutamwita Charlotte, rafiki wa Elizabeth, mwenye tamaa kwa kukubali kuolewa na kasisi Collins akiwa na miaka 27. Mimi nilimwita hivyo nilipokisoma mara ya kwanza, na nilimwonea.

Halafu fuata zawadi, na hapo nenda polepole. Katika Madame Bovary ya Gustave Flaubert (1857), Lheureux muuza nguo anamfuata Emma Bovary nyumbani na mitandio. Siku hiyo Emma hanunui, na Lheureux hakasiriki. Anasema pesa si tatizo. Nilipofika hapo niliacha kusoma, maana maneno hayo nayajua, nimeyasikia yakisemwa kwa wateja.

Baadaye Emma anataka kumzawadia mpenzi wake, Rodolphe, mjeledi mzuri wa farasi. Lheureux anauleta, kesho yake analeta na bili: faranga 270. Emma analipa kwa pesa ya mgonjwa aliyetibiwa na mumewe, Charles. Jaza safu: Emma, Rodolphe, Charles.

Deni la Emma linapofika faranga 8,000, anakwenda kumwomba Rodolphe 3,000. Anajibiwa kuwa hazipo. Usiendelee kwanza, rudi kwenye daftari usome aliyowahi kupokea Rodolphe. Emma naye anatazama bunduki iliyonakshiwa ukutani, anamwambia maskini hatii fedha kwenye kitako cha bunduki.

Sasa chukua kifutio. Emma anakufa, Charles anafuata, na binti yao mdogo, Berthe, anapelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha kusokota pamba. Andika jina lake kwenye safu ya tatu.