Kabla ya kulipia CD adimu ya muziki wa filamu
Picha ya kava haitoshi kujua kama CD ni halisi au ya kughushi, kava linachapishika popote. Mwombe muuzaji akutumie picha ya upande wa chini wa CD, iliyopigwa karibu kabisa na tundu la katikati. CD ya kiwandani kwa kawaida hung'aa rangi ya fedha na ina namba kuzunguka tundu. Nyingi za baada ya 1994 zina pia herufi IFPI (kifupi cha shirikisho la kimataifa la kampuni za muziki), ndogo mno. Iliyochomwa, yaani kurekodiwa, kwenye kompyuta mara nyingi huonyesha ukijani, ubuluu au uzambarau kwa mbali. Ila wapo wanaoghushi kiwandani kabisa, hao picha haiwakamati. Na baadhi ya nakala za promosheni za watunzi wenyewe zilichomwa, ni halali. Muuzaji akizungusha maneno badala ya kutuma picha, mimi huachana naye.